Anti, nimepewa ubalozi wa rangi za kucha, ila natakiwa kutoa laki sita na nusu

Shikamoo Anti,

Mimi ni fundi wa kucha, nina miaka 26. Nina fremu yangu ndogo Tandika, Temeke, tunachangia kodi na dada mmoja anayesuka. Kazi nilijifunza Sinza kwa mtu, nikaanza kwa kuzunguka majumbani na begi mgongoni, na sasa namshukuru Mungu wateja ninao. Jeli ya kawaida nafanya elfu 20, akriliki elfu 40 hadi 50, inategemea urefu na michoro. Kazi zangu huwa naziposti Instagram na TikTok. TikTok nimefikisha wafuasi elfu kumi na moja. Wengi waliletwa na video moja ya bibi harusi niliyemchora kucha zikafuata maua ya piko aliyopakwa mkononi.

Mwezi uliopita kaka mmoja mwenye duka la jumla la vifaa vya saluni Kariakoo alinitumia ujumbe. Ana rangi zake za jeli, anatengenezesha China na kubandika jina lake. Akasema ameupenda mkono wangu, anatafuta mabalozi kumi wa Dar es Salaam, na mimi nimo. Anti, siku hiyo sikulala kwa furaha.

Mkataba kautuma WhatsApp, kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Nilivyoelewa mimi ni hivi. Nanunua boksi la rangi 60 kwa bei ya balozi, Sh 650,000. Naposti video tatu kila wiki kwa miaka miwili. Napewa namba yangu ya punguzo: mtu akinunua kwa namba hiyo anapunguziwa asilimia 10, na mimi napata kamisheni ya asilimia 5. Chupa moja ni elfu 12. Siruhusiwi kutumia wala kuonyesha rangi za mtu mwingine katika miaka hiyo miwili, siruhusiwi kusema jambo baya juu ya bidhaa, na picha na video zangu zote anaweza kuzitumia popote bila mwisho. Nikivunja namlipa milioni 3.

Baba watoto anasema hajawahi kusikia balozi anayejinunulia ubalozi, na hela hiyo ndiyo kodi ya fremu tunayoiweka pembeni. Tumenuniana siku kadhaa. Shoga yangu naye anasema nikizubaa ataichukua mwingine, na kwamba wenzetu Nairobi walianza hivi hivi, leo wanaitwa kufundisha nje ya nchi.

Nimeshatoa laki moja, kishika uchumba, ili nafasi isipotee. Ijumaa wiki ijayo ndiyo mwisho wa kumalizia.

Rangi zenyewe alinipa chupa nane nijaribu. Ni nzuri, zinang'aa, hazibanduki haraka. Labda jambo moja dogo, tangu nianze kuzitumia vidole vya mkono wa kushoto vinaniwasha usiku na ngozi ya pembeni inapasukapasuka, ila nadhani ni asetoni au sabuni ya kufulia. Na mteja mmoja alisema kope zilimvimba, lakini alikuwa na mafua.

Nisaini au nisisaini? Na kama huu si ubalozi, ubalozi wa kweli unapatikanaje?

Fundi Kucha, Tandika

*

Marahaba mwanangu.

Barua nzima umeijaza mkataba, vidole ukavipa mistari miwili mwishoni na kuviita jambo dogo. Mimi naanza na vidole. Mkataba mbaya mtu hutafuta mwanasheria akachomoka. Mwili ukishaikataa dawa ya kucha, hakuna wa kumwendea akaushawishi ubadili msimamo.

Chupa hizo nane ziweke kando leo hii. Si kwamba nimekupima kwa barua, kazi hiyo ni ya daktari. Ila nitakwambia kwa nini maneno yako yamenishtua. Ukimpaka mtu, kidole chako gumba na cha shahada cha kushoto ndivyo vinavyomshika kidole. Hivyo hivyo ndivyo vinavyofuta rangi iliyomwagikia pembeni, na ndivyo vinavyogusa ule unato wa juu kabla hujaufuta kwa spiriti. Na wewe unasema mkono unaowasha ni wa kushoto. Sabuni ya kufulia haichagui mkono, mwanangu, unafua kwa yote miwili.

Kope nazo hazinishangazi. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko sehemu nyingi za mwili. Mtu anatoka saluni, anajikuna jicho kwa kidole chenye jeli ambayo haijaiva vizuri, au vumbi la mashine ya kukwangulia kucha linamrukia usoni, na kope ndizo zinazotangulia kulalamika. Huyo mteja mpigie. Muulize kama zimevimba tena, na mwombe asirudie rangi hiyo kwako wala kwa mwingine mpaka aonwe na daktari.

Ndani ya jeli na akriliki kuna dawa za jamii ya akrilati. Zikiwa mbichi na zikagusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuzichukia, na ukizichukia ni kwa maisha. Mafundi wengi hawaambiwi linalofuata. Dawa za ukoo huo huo zinatumika kwa daktari wa meno, zinatumika kwenye saruji ya kushikizia viungo bandia vya nyonga na goti, na zimo kwenye gundi ya baadhi ya vile vifaa vya kupimia sukari vinavyobandikwa mkononi. Undugu wenyewe si wa kubahatisha. Husimuliwa kwamba akriliki ya kucha ilianza mwaka 1954 kwa Fred Slack, daktari wa meno wa Marekani, aliyevunjika kucha akaiziba kwa dawa ya kazini kwake. Kwa hiyo fundi wa miaka 26 anayepata mzio leo anaweza kuukuta tena akiwa na miaka 60, amelala kwenye kiti cha daktari wa meno.

Na jeli inabakije mbichi wakati taa ya kuikaushia imewaka sekunde 60 na kucha inang'aa? Kila jeli imetengenezwa iendane na taa ya nguvu fulani na mwanga wa aina fulani. Ukichukua jeli ya huyu na taa ya yule, au balbu zimechoka, au umepaka nene ili umalize haraka, juu panakauka na ndani panabaki pabichi, kama mkate uliotoka rangi ya dhahabu nje na katikati ni unga. Mteja anakwenda nyumbani na unga huo kwenye kucha kwa wiki tatu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye rangi lilitakiwa liwe: rangi zako zinakaushwa na taa gani, wati ngapi, sekunde ngapi? Kama hana jibu, basi hajui anachouza, hata kama chupa ni nzuri kama za manukato.

Nenda kamwone daktari wa ngozi, Muhimbili au hospitali ya rufaa ya Temeke hapo karibu na wewe. Beba chupa zenyewe, si picha. Muulize kama anaweza kukupa kile kipimo cha kubandika dawa mgongoni, kinachoonyesha unachokikataa ni kipi hasa. Na glavu, tafadhali. Zile nyeupe za lateksi hazizuii akrilati. Afadhali za naitraili, nazo zinapenya baada ya muda, hivyo badilisha kwa kila mteja, na ukimwagikia dawa ivue hapo hapo.

Haya, sasa mkataba.

Baba watoto wako ameuliza swali zuri kuliko yote yaliyomo kwenye barua yako, nalo ni nani anamlipa nani. Sisemi kila anayekwambia ununue kitu ni tapeli. Huyu kaka pengine ni mfanyabiashara wa kawaida anayetaka kusukuma mzigo, na ameona njia rahisi: badala ya kumlipa mtu wa matangazo, awauzie mafundi kumi maboksi kumi. Piga hesabu, milioni 6 na nusu zimeingia kabla hujaposti hata video moja. Kwake wewe ni mteja wa jumla. Neno balozi limewekwa hapo ili usiombe bei ipungue.

Tuangalie upande wako. Chupa ni elfu 12, toa asilimia 10, inabaki Sh 10,800. Asilimia 5 ya hiyo ni Sh 540. Ili zirudi laki sita na nusu, namba yako iuze chupa 1,204. Utaniambia, Anti, lakini boksi si nitalitumia? Sawa. Tuseme nusu yake itatumika kweli, ingawa wewe unajua kuliko mimi kwamba Temeke watu wanaomba nyekundu, nyeupe, nyeusi, damu ya mzee na rangi ya ngozi, na ile kijani ya kumetameta itakaa kabatini mpaka igande. Bado namba yako inatakiwa iuze chupa 602.

Nani atazinunua? Hapa ndipo mpango wote unapopwaya, na nadhani hata yeye hajapafikiria. Wafuasi wako elfu kumi na moja wengi ni dada wanaotaka kutengenezwa kucha. Hawana taa, hawana mashine, hawana habari na besi wala topukoti, zile zinazopakwa chini na juu ya rangi. Anayenunua chupa ya jeli ni fundi mwenzako, na fundi mwenzako wa Mbagala hakufuati wewe anunue rangi, anakufuata aibe mchoro. Ili uuze chupa itabidi uwashawishi hao dada wajipake wenyewe nyumbani. Hilo nisingekushauri hata kama kamisheni ingekuwa nusu kwa nusu. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2021 bidhaa za kucha zenye HEMA, moja ya akrilati zinazoleta mzio sana, zinaruhusiwa kwa mafundi tu na lazima chupa iseme hivyo. Tarehe 1 Septemba 2025 wakapiga marufuku kabisa TPO, dawa inayosaidia jeli kukauka kwenye taa. Bidhaa ikifungiwa mlango kule haiyeyuki, inatafuta soko lingine, kwa hiyo sisi ndio wa kusoma chupa kwa makini zaidi, si kwa makini kidogo.

Video ndizo zinazokula zaidi. Tatu kwa wiki kwa miaka miwili ni 312. Kupanga mwanga, kupaka, kurekodi, kukata, kuandika maneno, si chini ya muda wa mteja mmoja wa jeli. Ukiweka elfu 20 kwa kila moja, umempa matangazo ya zaidi ya milioni 6, juu ya boksi ulilonunua.

Kipengele cha kutotumia rangi nyingine ndicho kibaya kuliko boksi. Sikukuu ya Idi inakuja, fremu imejaa, mteja wako wa siku zote ameshika chupa ya kampuni nyingine anayoipenda. Utamfukuza? Na duka la Kariakoo likiishiwa topukoti mwezi mzima kwa sababu kontena limekwama bandarini, utafanya kazi na nini? Mkataba haukumlazimisha yeye kukupa mzigo, umekulazimisha wewe tu kutoshika cha mwingine. Mabalozi wanaofungwa namna hiyo wanalipwa kila mwezi kwa kufungwa huko. Asiyelipwa hafungwi.

Halafu kuna kutosema baya. Umeshapata vidole vinavyowasha na mteja mwenye kope zilizovimba. Ukisaini Ijumaa, mteja wa pili akikuuliza kama rangi hiyo ni salama, ukisema ukweli unadaiwa milioni 3, ukinyamaza unamuumiza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ile inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, inakataza kumpotosha mlaji, na sioni kwa nini anayetangaza ajione yuko nje ya hilo kwa kuwa mwenye mali ni mwingine. Wateja wa Tandika hawatakwenda Kariakoo kumtafuta mwenye jina kwenye chupa. Watakuja kwenye fremu yako.

Kwenye hilo hilo la maneno, chunga sana mistari ya matangazo utakayopewa uisome. Ipo moja inayopendwa mjini siku hizi, kwamba rangi fulani inapitisha maji kwa hiyo mtu anatawadha nayo. Wateja wako wengi wanaswali. Mtu ataijenga ibada yake juu ya video yako ya sekunde 30. Kama hujaonyeshwa ushahidi, na aliyesoma dini hajaridhika nao, usiyatamke maneno hayo kwa bei yoyote.

Picha nitazisema kwa kifupi. Mikono kwenye video zako si yako, ni ya wateja, na wengine nyuso zinaonekana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Mteja alikuruhusu umposti kwenye ukurasa wako, hakumruhusu kaka wa Kariakoo ampachike kwenye bango la kontena bila mwisho. Yule bibi harusi wa piko umemuuliza?

Na Kiingereza. Usisaini karatasi uliyoielewa kwa kukisia, ukitegemea baadaye utasema hukuelewa. Mwambie akuletee ya Kiswahili, na ndiyo iwe ya kusainiwa.

Kwa hiyo usisaini. Hii, kama ilivyo, hapana.

Ila swali lako la pili nimelipenda, na shoga yako hajakosea kote. Ubalozi wa kucha upo, na wapo wanaokula kwa huo. Lakini katika kazi hii, tofauti na ya manukato au ya simu, ubalozi wenye heshima mara nyingi ni ualimu. Kampuni ya CND ya Marekani, hao waliotoa Shellac mwaka 2010, walimu wao wanawaita mabalozi wa elimu. Kazi yao ni kumfundisha fundi mwingine kutumia bidhaa bila kumuumiza mtu. Kampuni inamhitaji mtu huyo kwa sababu chupa bila mafunzo inarudi dukani na malalamiko. Chini yake wapo wanaolipwa kwa video, chini yao wanaopewa bidhaa bure wapige picha, na chini kabisa wapo wa namba ya punguzo, ambao ni wengi kama mchanga. Hakuna ubaya kuanzia chini kabisa. Ubaya ni kulipia kuanzia chini kabisa.

Na wewe una kitu ambacho huyo kaka hana, naye hajui kama hana. Picha za rangi anazotumiwa kutoka kiwandani zinapigwa kwenye mikono myeupe au kwenye vipande vya plastiki. Chupa ya rangi ya ngozi inayopendeza pale, ukiiweka kwenye mkono wa dada mweusi wa Temeke inageuka majivu, maana imewekwa nyeupe nyingi ndani. Kila fundi wa hapa analijua hilo, kila mteja ameshakatishwa tamaa nalo, na muuzaji anabaki kushangaa kwa nini chupa hizo haziendi. Chukua rangi kumi za namna hiyo, si lazima ziwe zake, zipake kwenye mikono ya watu wanne wa weusi tofauti, kwa mwanga wa dirishani bila kichujio cha simu, na uzipange. Video ya namna hiyo inamsaidia muuzaji kuagiza mzigo. Hiyo analipia.

Jambo la pili ni picha za wiki ya tatu. Kila fundi anaposti kucha dakika tano baada ya kumaliza, zinang'aa, mafuta yamepakwa, mkono umeshika ufunguo wa gari la mtu. Karibu hakuna anayeposti mkono huo huo baada ya siku 21 za kufua kwa mikono, kukuna nazi na kuoga maji ya chumvi ya kisima. Wewe mwite mteja akija kubadilisha, piga picha kabla hujagusa. Onyesha ilipoinuka, onyesha iliposhika, sema ni besi gani na ulisafishaje kucha kabla ya kupaka. Zikifika kama thelathini umepata kitabu ambacho mwenye kampuni makini atakisoma ukurasa kwa ukurasa, na ambacho mwenye mali mbovu atakiogopa. Utawajua hapo hapo.

Video zako mbili kwa mwezi zielekeze kwa mafundi, si kwa wateja: jinsi ya kuacha mwanya mwembamba kama uzi kati ya rangi na ngozi ya mzizi wa kucha, jinsi ya kupaka nyembamba mara mbili badala ya nene mara moja, jinsi ya kuigundua akriliki yenye MMA, akrilati ya bei rahisi isiyofaa kwa kucha. Hiyo ya mwisho wengi wataishukuru. Ina harufu kali mno, ikikauka ni ngumu faili haiingii, na ukiiloweka kwenye asetoni haitoki mpaka uikwangue. Marekani ilianza kuzipiga vita dawa za kucha za MMA tupu tangu miaka ya 1970, na bado zinazunguka duniani kwa sababu bei yake ni ndogo. Mafundi wakianza kukuuliza maswali kwenye maoni, hapo ndipo wafuasi wako wanapoanza kuwa na bei, maana hao ndio wanaonunua chupa.

Ukishakuwa na hayo, mtafute muuzaji wewe, usingoje kutafutwa. Chagua ambaye bidhaa zake unazitumia tayari na hazijamdhuru mtu. Kabla ya maneno ya pesa mwombe orodha ya viambato, karatasi ya taarifa za usalama kutoka kiwandani na cheti cha usajili wa Shirika la Viwango, TBS, kwani tangu mwaka 2019 vipodozi vimehamia kwao. Mwenye navyo anakutumia siku hiyo hiyo. Pesa mkizungumza, taja bei kwa video, miezi mitatu ya majaribio, picha zitumike kwa mwaka mmoja na kwa ridhaa ya mteja, na kipengele kwamba ukiona madhara unaacha na kusema bila kudaiwa. Kama anataka usionyeshe rangi za wengine, iwe ndani ya video zake tu, fremu ni yako. Na kila video uliyolipwa iandike kuwa ni tangazo, Instagram wana sehemu yake kabisa. Wafuasi hawachukii mtu kulipwa, wanachukia kugundua.

Kwa kaka wa Kariakoo usigombane naye. Kariakoo ni ndogo, kesho utamkuta ana duka la faili unazozihitaji. Mwandikie hivi:

"Habari za kazi kaka. Nashukuru kwa kuniamini. Nimeusoma mkataba na kwa sasa sitaweza kuusaini kama ulivyo. Pia nimepata muwasho wa vidole tangu nianze kutumia zile chupa nane na mteja wangu mmoja alivimba kope, nimeacha kuzitumia hadi nimwone daktari. Naomba unitumie orodha ya viambato, cheti cha TBS na aina ya taa inayotakiwa, vitamsaidia daktari. Ile laki moja niliyotanguliza naomba unirudishie kwa namba hii hii. Tukikaa sawa baadaye niko tayari tuzungumze kazi ya kulipwa kwa video."

Angalia atajibu nini kwanza. Akiuliza hali ya vidole na kutuma karatasi, ni mtu wa kufanya naye kazi siku moja. Akijibu kwamba nafasi inaondoka Ijumaa, iache iondoke.

Laki moja inawezekana isirudi kwa pesa, wenye maduka hawapendi kurudisha. Ikiwa hivyo chukua mali ya thamani hiyo hiyo dukani kwake: faili, tipsi, pamba, brashi, boksi mbili tatu za glavu za naitraili. Nenda na baba watoto akusaidie kubeba, mtakuwa mmeshaanza kuongea tena. Chupa ya rangi msichukue hata moja.